Kibanio Kilichosahau Pembe

Nilishuka Nkwenda kwa sababu lori la kahawa nililopanda liliishia hapo. Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa natoka kijijini kwetu, nilikokwenda kumzika mama nikakuta ameshazikwa. Habari ya ugonjwa wake ilinifuata kutoka shamba la miwa hadi machimbo ya bati, na kila ilipofika, mimi nilikuwa nimeshahama. Mdogo wangu alikuwa amepanda maharage hadi ukingoni mwa kaburi na yalikuwa yameshachipua. Nilisimama pale nikisubiri kulia, kama mtu anavyosubiri chafya. Hakikuja kitu. Nikala ndizi nilizopikiwa, nikalala, asubuhi nikamwambia mdogo wangu kwamba narudi kazini, ingawa kazi sikuwa nayo.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Vita ndiyo iliyonitoa shuleni. Mwaka wa sabini na nane askari walijaa madarasani, sisi watoto tukaambiwa tukae nyumbani, na shule ilipofunguliwa tena mimi nilikuwa nimeshaonja barabara. Tangu hapo nilifanya kila kazi niliyokutana nayo, nusu kwa njaa, nusu kwa kutaka kujua inafanywaje. Nikishajua, naondoka.

Nyuma ya soko la Nkwenda palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma. Usifikirie jengo. Yalikuwa mabati juu ya miti, mengine yamesimamishwa kuwa kuta, injini ya dizeli ya kuzalisha umeme, na uwanja uliojaa vyuma chakavu. Mwenye karakana alikuwa mtu mnene wa Songambele, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Kila mtu alimwita fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa amechuchumaa akikata chuma kwa moto wa gesi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nataka kujua chuma kinakatwaje kwa moto."

"Ukishajua utafanya nini?"

"Sijui."

Akainua miwani yake myeusi akanitazama kwa mara ya kwanza. "Angalau si mwongo. Shika ncha ile, usiiachie nikisema usiiachie."

Nikashika. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Vyuma vyetu vingi vilikuwa mabaki. Vingine vilitoka kwenye madaraja yaliyobomolewa, vingine kwenye fremu za malori yaliyoungua wakati wa vita. Rangi ya kijani bado ilikuwepo chini ya kutu, na kwenye chuma kimoja palikuwa na tundu la risasi, la mviringo na safi kama lililotobolewa kwa mashine. Niliingiza kidole. Nilimuuliza fundi kama chuma kilichoungua kinabaki na nguvu yake, akanijibu nikigonge nisikilize. Chuma kizima kinalia. Kilichoungua sana kinajibu kama mtu aliyeamshwa. Nikawa naenda uwanjani kugonga chuma kimoja baada ya kingine, na watu wa sokoni wakawa wanaulizana huyu mgeni ana nini.

Kazi ile ilinifaa. Injini ilinguruma kutwa nzima, kwa hiyo hakuna aliyetarajia mazungumzo. Ukivaa kofia ya kuchomelea, dunia yote inakuwa giza isipokuwa nukta moja ya mwanga, na humo ndani hakuna anayekuuliza habari za nyumbani. Udadisi wangu ulibaki, lakini ulikuwa kama mguu unaotembea wenyewe. Nilikula bila kuonja. Cheche ziliniangukia shingoni nikawa nazipangusa kama makapi.

Baada ya kupita mavuno ya maharage tukapata kazi kubwa: kibanio cha josho jipya la ng'ombe, kwenye nyanda za malisho upande wa Kaisho. Kibanio ni njia nyembamba yenye nguzo za chuma huku na huku, ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja hadi kwenye shimo refu la maji ya dawa, aogelee, atokee upande wa pili bila kupe. Tulipewa mchoro uliotoka wilayani. Fundi aliubandika ukutani kwa ugali, tukakata na kuunga kila kitu kama ulivyosema, inchi kwa inchi. Nilijivunia kazi ile kwa kiasi ambacho ningeweza kujivunia kitu wakati ule, yaani kidogo sana.

Jambo ambalo mpaka leo linanishangaza ni hili. Kila siku ya mnada, makundi ya ng'ombe yalipita mbele ya karakana yetu. Ni ng'ombe wa kule, wenye pembe ndefu zinazopanda na kufunguka kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni. Walipopita, sisi tulizima mashine ili cheche zisiwashtue. Watu walipanda ukingoni mwa barabara kuzipisha pembe. Kisha vumbi likitulia tuliwasha mashine tukaendelea kuunga kibanio ambacho upana wake ulimtosha ng'ombe asiye na pembe kabisa. Macho yetu yalikuwa kwenye karatasi.

Kibanio kikapelekwa, kikasimikwa kwa zege. Tukasahau.

Wiki iliyofuata alikuja mzee mmoja mfugaji, mrefu, mwenye kofia ya pama na msalaba mdogo wa mbao shingoni. Alikuwa amebeba fito iliyochongwa vizuri, ndefu kuliko yeye. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole, kisha badala ya kuingia karakana kwa kawaida, akailaza ile fito mbele ya kifua chake, akajaribu kupita mlangoni. Haikupita. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Ikagonga miti ya mlango, kuku wakaruka.

Fundi akazima gesi. "Mzee, umekuja kunibomolea?"

"Nimekuja kukuonyesha ng'ombe wangu."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Ndiye huyu." Akaipiga piga ile fito. "Nimempima mwenyewe. Kutoka ncha hii ya pembe hadi ncha hii. Sasa niambie, fundi, anapitaje kwenye mlango uliomtengenezea?"

Fundi alianza kucheka, kicheko kikaishia njiani. Akaenda ukutani akautazama mchoro kama anayeuona kwa mara ya kwanza. Akasema, "Yesu wangu."

Mzee akakaa kwenye gogo akatueleza. Mwanawe alikuwa amechumbia binti wa familia ya wafugaji iliyokaa ng'ambo ya bonde. Mahari ilikuwa imekubaliwa, na katika ng'ombe wa mahari baba wa binti alikuwa amemchagua mmoja kwa kidole chake, jike mwekundu aliyemwona akinywa maji. Alimtaka yule, na pembe zake. Lakini mwaka ule ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ilikuwa imeua ng'ombe wengi, na ng'ombe hakuruhusiwa kuhamishwa bila kibali cha bwana mifugo, na bwana mifugo hakutoa kibali kwa ng'ombe ambaye hajapita joshoni. Siku ya kwanza ya josho, wenye pembe fupi walipita. Wengine waligonga nguzo wakagoma. Bwana mifugo akatangaza kwamba siku inayofuata ya kuogesha atakuja na waya wa kukatia pembe.

"Nikimpeleka bila pembe," mzee alisema, "yule bwana atasema huyu si ng'ombe niliyemchagua, na atakuwa hajakosea. Ataniambia nirudi naye. Na mwanangu atarudi naye."

"Hataweza kukubali mwingine?"

"Wewe ungekubali?"

Fundi, ambaye hakuwa na ng'ombe hata mmoja, alifikiri kidogo. "Mimi ningekubali hata mbuzi."

Mzee akacheka, mara moja, kama kukohoa.

Kesho yake tulikwenda joshoni na mzee kwa trekta la kukodi, tukamkuta bwana mifugo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyetoka mbali, amechoka, viatu vyake vya mpira vimejaa matope, na alikuwa ameona ng'ombe wengi wakifa mwaka ule kuliko mtu anavyopaswa kuona.

"Kupe hawaulizi pembe, mzee," alisema. "Ndigana ikiingia zizini utabaki na pembe peke yake."

"Sikatai josho," mzee akajibu. "Nakataa waya."

Fundi akaingia kati. "Bwana mifugo, chuma nikikikata, nakiunga. Pembe ukiikata utaiungaje? Niachie mimi nikate changu."

Bwana mifugo akazitazama nguzo, akaitazama ile fito. "Kabla ya siku ya kuogesha. Nikikuta bado, natumia waya. Sitaacha mmoja apite bila dawa kwa sababu ya harusi."

Tukakata. Fundi alizipasua nguzo kwa gesi kwenye usawa wa kifua cha ng'ombe, tukaacha visiki vyake kwenye zege na kuzipakia sehemu za juu kwenye tela kurudi nazo Nkwenda. Shabaha ilikuwa kuzikata upya kwa mshazari ili zikirudishwa juu ya visiki ziegemee nje, njia ibaki nyembamba miguuni na kufunguka juu, kama herufi ya V.

Kukata ni rahisi. Kuunga chuma ambacho kimeshaungwa ni kazi nyingine. Kiungo cha zamani lazima kisagwe chote, kikibaki hata kidogo kipya kinapasuka. Moto ukizidi upande mmoja nguzo inajipinda kuelekea huko, kwa hiyo unagusa kidogo huku, kidogo kule, unasubiri, unagusa tena. Fundi alinifundisha kusubiri. Fito za kuchomelea, vijiti vya chuma vinavyoyeyukia kwenye kiungo, zilikuwa adimu na zilizopatikana zilikuwa zimeshika unyevu, tukazikaanga kwenye sufuria kama karanga mpaka zikauke. Vipande vilivyobaki vidogo nilivishika kwa koleo hadi moto ulipofika kwenye koleo. Kofia ilikuwa moja. Aliyeshikilia chuma alifumba macho na kugeuza uso, na jioni macho yalijaa mchanga usiokuwepo. Mke wa fundi alituwekea vipande vya viazi kwenye kope, tukalala chali mkekani kama maiti wawili.

"Unasikia maumivu?" fundi aliniuliza.

"Kidogo."

"Mimi nakufa. Wewe umetengenezwa na nini?"

Nilikuwa nafikiri kwamba swali hilo ni zuri, na kwamba ningependa kulijua jibu.

Tukarudisha nguzo joshoni pamoja na mashine, tukaziunga juu ya visiki. Zilipoegemea nje, fundi alihofia kwamba ng'ombe wakisukumana zitafunguka kama kitabu. Akaunga bomba nene juu, kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia, pale mwisho kabla ya maji. Mzee akaja na fito yake, akailaza mbele ya kifua akatembea ndani ya kibanio kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haikugusa popote. Alipita chini ya lile bomba bila hata kuinama. Tukapeana mikono.

Siku ya kuogesha ikafika. Wafugaji walikuja na makundi yao tangu asubuhi, na uwanda wote ukawa kelele za ndama na vumbi. Ng'ombe wakaanza kupita. Mmoja, akajitupa majini, akaogelea, akatoka akitikisa masikio. Mwingine. Pembe zilipita katikati ya vyuma vyetu kwa nafasi nzuri, na fundi, aliyekuwa amekunja mikono juu ya tumbo, alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Kisha akaja yule mwekundu.

Mzee alitembea kando yake nje ya nguzo, akimnong'oneza kwa Kinyambo. Ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko nilivyomfikiria, rangi ya udongo uliolowa. Alitembea vizuri hadi mwisho, akaona maji, akasita. Hapo akafanya jambo ambalo ng'ombe wote wa kule hulifanya wakipita penye miti iliyosongamana: aliinamisha kichwa upande mmoja, kwa adabu kabisa, pembe moja chini na moja juu. Ile ya juu ikapita upande wa pili wa bomba. Ya chini ikaingia katikati ya nguzo mbili. Ng'ombe wa nyuma wakamsukuma. Alipotaka kuinua kichwa, hakikuinuka.

Tulikuwa tumeilaza fito. Hakuna aliyefikiria kuisimamisha.

Akaanza kupiga mateke. Kibanio chote kikatetemeka, na kwenye shina la pembe ya juu, pale inapoota kutoka kichwani, ngozi ikaanza kuchanika. Watu wakawarudisha nyuma wale wengine kwa fimbo. Bwana mifugo alikuwa ameshatoa waya wake mfukoni.

"Mzee, atavunjika shingo."

"Kijana, usimguse."

"Ni dakika chache. Damu kidogo, namtia dawa. Atakuwa hai."

"Najua atakuwa hai!" mzee alipaza sauti, na ilikuwa mara ya pekee kumsikia akipaza. Kisha akamgeukia fundi na kusema polepole, "Wewe ulisema chuma kinaungwa."

Fundi alikuwa ameshalitazama bomba. Gesi ilikuwa kwenye tela, lakini moto juu ya kichwa cha ng'ombe haukuwezekana. Akanitupia msumeno wa mkono. "Panda wewe. Mimi nikipanda kitaanguka chote."

"Nikate wapi?"

"Katikati. Na nyie, kamba! Fungeni nguzo huku na huku mvute, likikatika zitaruka!"

Nikapanda, nikakaa juu ya nguzo, mguu mmoja ukigusa mgongo wa ng'ombe. Nilihisi joto lake kupitia suruali. Nikaanza kukata. Bomba lilikuwa nene, tulilichagua kwa sababu hiyo. Alipotikisika, meno ya msumeno yaliruka nje ya mkato na nikalazimika kuanza upya. Wembe wa msumeno ukakatika. Fundi akanipa mwingine akisema, "Huo ndio wa mwisho, ubembeleze." Chini yangu mzee alikuwa ameingiza mikono kati ya nguzo, mkono mmoja ukiliziba jicho la ng'ombe, mdomo wake sikioni mwake, anazungumza bila kukoma.

"Unamwambia nini?" nilimuuliza. Sijui kwa nini niliuliza wakati ule. Nilitaka tu kujua.

"Namwambia habari zako."

"Habari gani?"

"Kwamba wewe si mchinjaji. Kata."

Nikakata. Sikuwa na hofu. Sikuwa na chochote. Nilitazama mstari mweupe wa mkato ukishuka ndani ya bomba, na nikaona maharage machanga ukingoni mwa udongo mwekundu, nikaendelea kukata. Bwana mifugo alisimama na waya wake mkononi, na baada ya muda niliona ameushika ule mkia wa kamba pamoja na wengine, anavuta.

Bomba lilikatika kwa kishindo. Nguzo zikaruka nje, kamba zikazishika, mimi nikashika nilichoweza. Ng'ombe aliinua kichwa taratibu, kama mtu anayeamka, pembe zote mbili juu, akatazama mbele, akajirusha majini. Alipoogelea yalionekana pua na pembe tu. Akatoka upande wa pili, akasimama, maji ya dawa yakimchuruzika, mzima, isipokuwa ule mchaniko mdogo kwenye shina.

Watu walipiga vigelegele. Mzee alizunguka josho akaenda kumpapasa kichwa, akiutazama ule mchaniko, akizipitisha ncha za vidole kwenye pembe hadi mwisho, moja, kisha nyingine.

Bwana mifugo alimwandikia mzee kibali juu ya goti lake. Kisha akautazama mlango wetu uliokaa wazi. "Fundi, sasa hicho ni kibanio au mlango wa kanisa?"

"Karibu ibadani," fundi akamjibu. "Wiki ijayo narudi na mashine. Nitaweka upinde juu, si bomba."

Mke wa mzee alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa. Aliponipa, akaushika mkono wangu wa kulia akaugeuza. Ngozi ya kiganja ilikuwa imechubuka yote, na mpini wa msumeno, nilipoutazama, ulikuwa mwekundu.

"Hukusikia?"

"Hapana, mama."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu kidogo, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Alimimina maji ya moto kutoka kwenye birika la chai, akayapoza, akatia chumvi, akanimwagia kiganjani.

"Na sasa?"

Meno yangu yaliumana kwa maumivu. Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akanifunga kwa kitambaa alichokichana kwenye kanga yake.

Wakati wa kuondoka mzee alikuja kwenye trekta. Alikuwa na ile fito mkononi. Akampa fundi, kisha akabadilisha mawazo, akanipa mimi.

"Nendeni nayo, mtaihitaji. Safari hii isimamisheni pia."

Niliishika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia niliukumbatia kifuani. Barabara ilikuwa mbovu, na kwa kila shimo mkono uliniuma upya, hadi begani. Nyuma yetu mwana wa mzee alikuwa ameshaanza kumswaga yule mwekundu kuelekea bondeni. Fundi, aliyekuwa ameketi juu ya mtungi wa gesi, aliniuliza kwa sauti ya kushinda injini kama sasa nimeshajua chuma kinakatwaje.

Nikamwambia bado.